Mama Habiba Hataki Kivuli cha Mto

Garsen, Jumapili

Kwako Mama mpenzi,

Shikamoo Mama. Goti linaendeleaje na baridi ya huko Taita? Mimi mwili ni mzima, ila moyo hautulii. Nimeona nikuandikie, maana kwenye simu nitasema niko sawa tu.

Uliwahi kucheka kwamba nalipwa kupima kama miti inatibu watu. Kazi ndiyo hiyo. Wakulima wa Golbanti na wafugaji wa Minjila walioumizwa na mafuriko hukusanywa msituni kando ya mto Tana. Wanatembea polepole, wanakaa kimya kivulini, wanapanda miche. Mimi nawauliza kabla na baada: unalalaje, hofu imepungua, chakula kinapita? Majibu yakiwa mazuri, mradi unaendelea.

Yalikuwa mazuri mno, Mama. Hilo ndilo lililoanza kuninyima raha. Nikamfuata Mama Habiba, mfugaji wa Minjila, hadi nyumbani kwake. Kila mara hunijibu "nzuri". Akanipa chai ya maziwa, nikamuuliza upya, safari hii bila karatasi.

"Wewe mgeni," akasema. "Mgeni haambiwi mbaya. Lakini ule mto ulichukua binti yangu, akivusha ndama. Nyinyi mnanipeleka pale pale, mnaniambia nisikilize maji."

"Kwa nini unakuja, basi?"

"Wenzangu wanapona. Nikisema mbaya, mtafunga."

Sikujua pa kuuweka uso wangu. Nikamuuliza ni wapi anakopata kupumua. Akanyoosha mkono kuelekea malishoni.

Asubuhi iliyofuata tulikwenda, mimi na yeye, nyuma ya ng'ombe, hadi mto ukawa mbali nasi. Njiani akanisimulia jinsi binti huyo alivyowapa ng'ombe wakaidi majina ya mashemeji zake. Ndipo nikalijua jina lake mwenyewe: Amina. Mama Habiba alicheka mpaka akakaa chini, kisha akalia. Nikakaa naye.

Nilimweleza msimamizi wangu wa Nairobi yote hayo. Akapiga simu.

"Wakesho, huyo mmoja anatuharibia picha. Mtoe kwenye ripoti."

Nikamwambia simtoi, na wengine nitawauliza upya, kila mtu kwake. Akasema watafikiria kama mkataba wangu utaendelea. Tangu hapo nazunguka chumbani kama kuku anayetafuta pa kutaga.

Hata hivyo nimeanza kupita nyumba kwa nyumba. Mzee mmoja wa Golbanti ameshikilia kwamba ni pale kando ya mto alipopata usingizi tena, na namwamini. Jirani yake amekiri kuwa huja kwa ajili ya mazungumzo tu, miti haimhusu. Kwa hiyo miti inatibu, na haitibu, na sijui nani Nairobi atapenda kusoma jibu la namna hiyo. Nitaliandika hivyo hivyo. Nikiachishwa, nitarudi tuvune maharagwe pamoja.

Nisalimie nyanya, na kaka Mwakio na mkewe. Shangazi mwambie dawa yake ya mbu imenifaa sana huku.

Mama Habiba naye anakusalimu. Wiki hii hakwenda mtoni, alikwenda malishoni. Aliniuliza una ng'ombe wangapi, nikamwambia mmoja. Akakuonea huruma, akasema atakuombea.

Mimi mwanao,
Wakesho