Meza ya Waendao Polepole

Tbilisi, 4 Novemba 1985

Kwa Shangazi yangu Mzevinari,

Pokea salamu zangu, na nyingine uwape majirani wote wanaoniulizia, hata wale wanaoulizia umbea tu. Mimi mzima, ila mafua yamenipanda na hayataki kushuka. Goti lako vipi? Na yule ng'ombe mwekundu, ameshazaa au bado anaringa?

Shangazi, nimepata kazi. Ni katika ofisi inayoshughulika na theluji na maji. Nitapanda milimani, nichimbe mashimo kwenye theluji, nipime kila tabaka, ili tujue mto utaleta maji kiasi gani kiangazi na mteremko gani una nia mbaya. Mkuu wa ofisi alinitazama juu mpaka chini, akaniuliza msichana anatafuta nini huko. Nikamjibu kwamba natoka Svaneti, kwetu theluji huingia nyumbani bila hodi. Akacheka, akanipa koleo.

Sikumwambia kwamba mama yangu theluji ilimkuta njiani akitoka kuchota maji, nami sijatimiza miaka sita. Wala sikumwambia kwamba baba alimfuata kwa huzuni, ukabaki wewe kunilea. Hayo siyasemi kwa wageni. Lakini wewe unajua kwamba kila shimo nitakalochimba nitakuwa nikimtafuta yeye.

Niombee.

Mwana wa kaka yako,
Nanuli


Lakheri, 2 Desemba 1985

Nanuli mwanangu,

Barua yako nimeipata, nimeisoma, na Jansugi jirani yetu amenisomea tena kwa sababu ananiona kipofu. Huku hatujambo. Ng'ombe amezaa ndama dume, mkaidi kama marehemu babu yako. Goti linanipa habari za mvua kabla ya redio.

Kwa hiyo serikali inakulipa kwa kupima theluji! Jansugi anauliza watamwajiri lini mtu wa kuhesabu upepo, maana yeye yuko tayari. Mimi namwambia acha wivu. Njoo uipime iliyo juu ya paa langu, na ukishamaliza kuipima uishushe.

Nakutania, mama. Nimefurahi mpaka nimelia. Sidonia, mama yako, angefurahi zaidi.

Uje kwenye Lipanali mwezi wa kwanza, tuwakaribishe wafu wetu mezani. Ulipokuwa shule ya bweni kule Zugdidi walikuwa wanakupa ruhusa mpaka ile Jumatatu ya kuwasindikiza wafu wetu, basi na hao wakubwa wako wakupe. Nyumba isiyo na vijana, wafu huifikia kwa unyonge. Nitamwekea mama yako asali na baba yako araki, nawe utakaa kati yao kama zamani. Barabara ikiwa mbaya usikimbilie. Kawia ufike.

Shangazi yako,
Mzevinari


Tbilisi, 16 Machi 1987

Kwa Shangazi Mzevinari,

Nakusalimu kwa moyo mzito. Natumaini mu wazima, maana baada ya majira haya ya baridi neno uzima silisemi tena kwa mazoea tu. Bonde zima limezika watu. Kijiji chetu kimepona, na najua mnasema ni mtakatifu mlinzi wa kanisa letu aliyetuokoa.

Mimi nimekaa juu ya kijiji wiki tatu na wenzangu. Uliniletea mkate kule juu na goti lako lile, ukaniuliza mlima unasemaje, nikakwepa. Sasa nakujibu. Mlima unasema bado. Theluji iliyowapita safari hii ilikwama tu kwenye bega la mwamba, na siku itakayovuka bega hilo haitasimama mpaka mtoni. Nimeandika hivyo katika ripoti, nikapendekeza Lakheri ihame. Wamekubali. Mtapewa nyumba uwandani, karibu na mji.

Najua watakavyonisema. Binti wa Otari amesomeshwa ili aje kutung'oa. Waache waseme. Nilimpoteza mama kwa theluji, Shangazi, na sina mama mwingine ila wewe. Nichukie ukiwa hai.

Nanuli wako


Uwandani, 10 Februari 1989

Nanuli mwanangu,

Salamu kutoka kwenye nchi isiyo na mteremko. Sijambo kiafya. Nyumba ina mabomba, ina taa, ina kuta nyembamba kiasi kwamba Jansugi akikohoa mimi naitika. Kwenye joto la kiangazi nilikaa ndani kama jibini. Sikuchukii. Yeyote akikutaja vibaya mbele yangu anajua atakachokipata.

Lakini nina jambo, na nimelimeza miaka miwili. Lipanali ya mwaka jana niliandaa meza hapa, na ya mwaka huu pia. Nilioka kubdari, mikate yetu ya nyama, nikaweka asali, nikaacha mlango wazi, nikakesha. Hakuja mtu. Usinicheke. Kule Lakheri walipokuwa wakiingia nilikuwa najua, kama unavyojua mtu amesimama nyuma yako hata hajasema. Hapa kuliingia baridi na paka wa jirani.

Hawaijui njia ya huku, Nanuli. Wanakwenda kule kule, wanakuta jiko limezimika na mlango umepigwa misumari. Mama yako anasimama nje kwenye theluji ile ile. Mimi nikilifikiria hilo siwezi kulala.

Niruhusu nipande Januari, siku hizo chache tu. Wenzangu wananisubiri mimi, nami nakusubiri wewe. Neno lako ndilo lililotutoa, na bila neno lako sitapanda, kwa kuwa nilikuahidi.

Shangazi yako


Tbilisi, 1 Machi 1989

Kwa Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Mimi sijambo. Jibu langu ni hapana, na ukiniuliza mwakani litakuwa hilo hilo. Januari ndiyo mwezi mbaya kuliko yote. Waliokufa wamekwisha kufa, Shangazi, theluji haiwezi kuwafanya lolote tena. Wewe inaweza. Nisamehe kwa ukali.

Nanuli


Mestia, 12 Januari 1996

Kwa Shangazi yangu Mzevinari,

Shikamoo sana. Barua hii anakuletea dereva wa lori la ofisi, mpe chai, ametoka mbali. Mimi nipo hapa kituoni Mestia, kwenye njia ya kwenda Lakheri, tangu mwezi wa kumi na mbili. Mishahara haiji, mafuta ya taa ni ya kubahatisha, nusu ya wenzangu wamekwenda kuuza sigara sokoni. Mimi bado nachimba mashimo. Ukimwona mwanamke wa makamo anaongea na theluji, ndiye mimi.

Kila mwaka umeniomba, na kila mwaka nimekataa. Safari hii hukuniomba, na hilo ndilo lililoniuma. Jansugi aliniambia umekonda, kwamba siku za Lipanali unakaa umeutazama mlango tu.

Basi juzi nilipanda Lakheri nikaichimba. Sikufichi: chini kabisa kuna tabaka baya, chembe kubwa kama sukari ya mawe, hazishikani. Ila juu yake theluji ni haba, baridi ni kavu, na upepo umetulia. Mteremko utakaa hivyo mradi usibebeshwe mzigo. Ukivuma upepo wa magharibi utaubebesha theluji nyingine.

Nendeni. Jansugi na wengine wameniomba pia, nimewakubalia. Pandeni kwa ajili ya Lipanali, muwakaribishe, muwasindikize Jumatatu, mshuke Jumatatu hiyo hiyo. Wafu wakiondoka nawe uondoke. Niahidi hilo. Kwa mara ya kwanza nimekubali jambo kama mtoto wako badala ya kama mtu wa theluji, na sitaki kulijutia.

Nanuli wako


Lakheri, 21 Januari 1996

Nanuli mwanangu, mboni ya jicho langu,

Nakuandikia kwenye meza yetu, mgongo kwenye jiko letu, na salamu ninazokupa si zangu peke yangu. Wamekuja. Nilipong'oa misumari ya mlango nilidhani wamekata tamaa na sisi, lakini jioni ile ile nyumba ikajaa. Baba yako nilimjua kwa jinsi mwali wa mshumaa ulivyoinama. Nimewaambia habari zako zote, na kwamba hujaolewa, wakanyamaza kwa adabu. Nimelia, nimecheka, nimekula kama mtu aliyetoka jela. Mungu akulipe.

Sasa nisikilize, na usikasirike. Wenzangu wanashuka kesho na lori. Mimi nabaki mpaka Alhamisi.

Kuna meza ya pili, Nanuli. Wewe huijui, na kutoijua kwako ni kazi yangu. Wapo wafu wasioweza kwenda na mwendo wa wengine. Vikongwe, vilema, waliokufa wamevunjika. Wanafika wenzao wakiwa wameshaondoka, na wao huandaliwa Alhamisi. Mama yako theluji haikumuua njiani kama tulivyokuambia. Ilimvunja miguu yote miwili, akaletwa ndani, akakaa siku tatu akikuita, nawe tulikupeleka kwa majirani usimsikie. Ndiyo maana kila mwaka nilikuharakisha urudi shule Jumatatu. Sikutaka mtoto ajue kwamba mama yake anachechemea hata huko aliko.

Nilikuahidi nitaondoka wafu wakiondoka. Basi wa kwetu hajafika bado. Amekuja peke yake kwenye mlango uliofungwa mwaka baada ya mwaka, na mimi nishuke kesho kwa kuwa lori litapiga honi?

Barua hii nampa Jansugi aitie posta akifika uwandani. Nimemkataza asikupe mkononi hapo Mestia, maana utakuja kunivuta sikio. Mwana wa dada yake atanifuata Ijumaa na kijigari chake cha kuteleza juu ya theluji. Upepo umetulia. Goti haliniumi hata kidogo.

Shangazi yako anayekupenda


Mestia, 23 Januari 1996

Kwa Shangazi Mzevinari,

Shikamoo. Natumaini umefika salama nyumbani uwandani, umeoga maji ya moto na unamsengenya Jansugi kupitia ukutani.

Jana nilikuwa juu ya mteremko wa hapa kituoni nilipoliona lori lenu likipita barabarani. Nilipunga mkono mpaka bega likauma. Watu wakapunga. Nilijiambia yule aliyejifunga shali nyeusi ni wewe. Nilitaka kushuka nikukumbatie, nikaona nitawachelewesha, na nilitaka mtoke bondeni mapema.

Nilifanya vizuri. Tangu alfajiri upepo umegeuka, unatoka magharibi, vilele vyote vinafuka theluji. Nimeutazama nikawa na furaha ambayo mtu wa kazi hii hapaswi kuwa nayo. Nimesema, vuma unavyotaka, Lakheri hakuna mtu. Miaka yote hii ya kuchimba, Shangazi, nadhani nilikuwa naitafuta siku hii moja, siku ya kujua kabla na kumwondoa mtu wangu kabla.

Mwakani nitapanda nawe. Nitakaa kati yao kama zamani.

Niandikie upesi walikuja au hawakuja. Nitajifanya siamini, lakini niandikie.

Nanuli wako


Lakheri, 23 Januari 1997

Kwa Shangazi yangu Mzevinari,

Sijui nikuulize hali kwa namna gani. Mimi nipo.

Barua yako Jansugi hakuitia posta. Aliposikia yaliyokupata aliileta mwenyewe mpaka Mestia, stempu ikiwa imekwisha bandikwa, akanipa huku ametazama pembeni. Tulikuwa tumekwisha kukuzika. Simlaumu. Alifanya ulivyomwambia, kama sisi sote tulivyozoea.

Theluji ilishuka Alhamisi asubuhi, ikavuka bega la mwamba kama nilivyoandika kwenye ripoti. Wakuu wamenisifu kwa ripoti ile. Nilimwomba aliyekuwa akinisifu anyamaze. Mwana wa dada yake Jansugi, aliyepanda Ijumaa kukuchukua, ndiye aliyeniambia kwamba ulikuwa ndani. Niliyachimba mabaki ya nyumba yetu kwa koleo la kazi, tabaka kwa tabaka, kwa sababu mikono haijui kuchimba kwa namna nyingine. Ulikuwa karibu na jiko. Chungu cha asali tulikikuta kizima.

Nimekukasirikia mwaka mzima. Nimemkasirikia yule msichana aliyejua kila tabaka la mlima huu na asijue kwamba nyumbani kwao kuna meza mbili. Kisha Ijumaa, usiku wa kwanza wa Lipanali, nilikaa hapa na wenzetu, hasira nikaitafuta sikuiona. Nilikuwa na upweke tu.

Usihofu juu yangu. Nimepima. Mwaka huu theluji ni nyembamba, imeshikana vizuri, mteremko umelala. Ingekuwa vinginevyo nisingepanda, hata kwa ajili yako, nawe unajua nisingepanda. Kazi sijaiacha.

Nyumba haipo, lakini mnara wa mawe wa ukoo wetu umesimama, kwa hiyo meza nimeiweka kwenye chumba cha chini cha mnara. Kubdari nimeunguza, naomba msinicheke mkiwa wawili. Asali ni ya mama. Araki ni yako, najua utasema ni ya baba. Baba alikuja Ijumaa na wale wenye miguu mizuri, akaondoka nao Jumatatu. Niliwasindikiza mpaka langoni na mshumaa. Jansugi na wengine wakapanda lori, wakanipigia honi, nikawaambia watangulie.

Leo ndiyo Alhamisi. Mlango nimeuegesha jiwe usijifunge, na njia kutoka chemchemi mpaka hapa nimeikanyaga vizuri, pana ya kutosha watu wawili walioshikana mikono. Najua goti lako. Najua sasa na miguu ya mama. Msiharakishe.

Kawia ufike, Shangazi.

Mwana wenu,
Nanuli