Mapipa Yanayopona Mpakani

Tarehe 4, mwezi wa tatu. Ni miaka sita na miezi miwili tangu niondoke.

Mdogo wangu mpendwa,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Mama anaendeleaje na goti lake? Mimi nipo, ila nimechoka uchovu ambao hata nikilala siku nzima hauniachi.

Umeniandikia kwamba wakala amekupatia kazi kwenye ghala letu, na kwamba karatasi zinasema taka zenyewe ni za daraja la chini. Unauliza kama usaini. Ngoja nikueleze hilo daraja.

Mapipa yetu ya taka za mionzi hutoka nchi jirani na hii niliyopo. Kule huzipanga kwa miaka itakayopita kabla hazijapoa, kwa hiyo pipa huja na karatasi ya njano, daraja la kati. Huku wanaangalia linavyotoa mionzi leo tu. Basi mimi nabandua ya njano, nabandika ya kijani, daraja la chini. Kule huripoti pipa moja moja kwa namba yake. Huku huandika jumla ya tani za mwaka, yakaisha. Mwenzangu tunayemwita Gundi husema mapipa yana bahati kutuzidi, yakivuka mpaka tu yanapona. Nilimuuliza msimamizi nchi ipi inasema kweli. Akanijibu kwamba zote zinafuata sheria, na kwamba niliajiriwa kubandika, si kuhubiri.

Lakini kuna uongo ambao ni wangu mwenyewe. Kila mfanyakazi huvaa kifuani kipimo cha mionzi. Kikifika kiwango cha mwisho, unarudishwa kwenu. Gundi alinifundisha kukiacha kabatini, mfukoni mwa koti, na hivyo ndivyo nilivyofanya miaka yote. Nilipokuwa nakuandikia kwa majivuno kwamba tunapimwa kila mwezi na mimi niko safi, kilichokuwa safi ni koti.

Mwezi wa kwanza fizi zilianza kutoka damu. Daktari wa kazini alitazama ripoti ya kipimo changu akasema ugonjwa huu hauwezi kuwa wa kazi. Nikaondoka bila kumtajia koti. Wiki iliyofuata nilimrudia nikamwambia ukweli, nikaachishwa kazi. Sasa namalizia notisi.

Mama usimwambie habari ya fizi, nitamwambia mwenyewe. Wasalimie wote, na mkeo umpe pole ya ujauzito.

Natarajia kufika tarehe kumi na mbili mwezi ujao. Usisaini. Nafasi wanayokupa ni yangu.

Ni mimi kaka yako.