Firewall Yako Ilipogoma Kuwaka

Tata, baba yangu,

Nyasi zimeshaota pale Marani tulipokulaza, karibu na migomba yako. Mama anaendelea vizuri. Anachuma chai mwenyewe, hataki kusaidiwa.

Mimi nina wivu, Tata. Nakuambia wewe kwa sababu ninayemwonea siwezi kumwambia.

Ile firewall uliyoiandikia shule moja kule Sironga, programu ya kulinda mtandao wao, iligoma kuwaka juzi. Mwalimu mkuu hakunipigia mimi, binti yako niliyesomea kompyuta. Alimpigia Akinyi, yule uliyemfundisha kazi. Nikamfuata bila kualikwa.

Usajili wa mtihani ulikuwa unafungwa jioni hiyo. Mtu alikuwa amefuta faili ya mipangilio ya awali, na programu yako ikikosa faili hiyo inazima tu, mtandao wote unakatika. Nikasema tuiondoe kabisa, watoto wasajiliwe.

Akinyi akakataa. "Mzee alisema tusiache mlango wazi kwa sababu ya haraka."

Mzee alisema. Lini? Sisi siku za kazi uliturudia umechoka, ukanywa chai kimya, ukalala. Maneno ulikuwa umeyamaliza kwake.

Akinyi akaandika faili mpya inayofunga kila kitu, kisha akafungua njia moja tu, ya usajili. Watoto wote wakaingia. Nilimwona akisukuma miwani kwa kidole kama wewe, na nikamchukia. Kweli, nilimchukia.

Tukitoka akaniuliza, "Kwamboka, ni kweli mzee alikuwa anaimba? Nilisikia watu wa kanisa wakisema siku ya mazishi. Kazini hakuwahi."

Nikamwambia uliimba kila Ijumaa jua likizama, tukifungua Sabato, na sauti yako ilifika hadi kwa jirani. Akageuza uso. Wivu ule niliujua, ni wangu.

Sijapoa bado, Tata. Lakini sehemu ile ya programu nitaiandika upya pamoja naye. Ikikosa faili isizime tena. Ijifunge, iache njia moja salama, na iseme wazi imekosa nini.

Ijumaa hii nimemwalika nyumbani. Mama amekubali.

Pumzika, Tata. Nakuahidi nitamfundisha wimbo wako. Ubeti wa mwisho nitabaki nao mwenyewe.

Binti yako,
Kwamboka