Hema Mbili za Papa Neema

Papa Neema, mukwe wangu,

Usishituke kule uko. Ni mimi, mama ya Vumilia, ninakuandikia kwa mukono wangu mwenyewe. Nilisoma miaka miwili tu ya katekisimo, kwa hiyo kama herufi zinapanda na kushuka kama njia ya Bunyakiri, usicheke.

Miaka yote ulikaa na binti yangu, mimi na wewe hatukuongea uso kwa uso. Kwetu Bushi, mukwe na mama mukwe wanaheshimiana kwa mbali: hawakuli pamoja, hawalali chini ya paa moja, na neno linapita kwa mutu wa katikati. Mutu wetu wa katikati alikuwa Vumilia. Sasa umekufa, na hata yeye hawezi kukufikia. Basi nitasema mwenyewe, na nitasema juu ya zile hema.

Unakumbuka siku Vumilia alikuja kwangu Kadutu akiwa anacheka? "Maman, Papa Neema anataka twende wote kulala inje, kandokando ya ziwa."

Nikamuuliza: "Nani amewafukuza?"

Maana kulala inje nakujua. Wakati wa vita tulilala ndani ya migomba na watoto mugongoni, na hakuna mutu aliita ile kutembea. Mutu mwenye nyumba ya mabati anaacha kitanda ili alale ndani ya kitambaa? "Mwambie mume wako wazimu iko na dawa," nikasema.

Ulinirudishia jibu: "Mwambie maman, kila wiki nasimamisha hema ya wageni wanakuja kuangalia gorila. Neema iko na myaka tisa. Hajaingia ndani ya moja hata siku moja."

Hapo neno la wazimu nikalirudisha.

Halafu tukaenda mpaka kule Miti, kwa ule muzungu wa shamba la miti ya kinini aliyekuwa anarudi kwao na kuuzisha kila kitu. Nilijifunika kitenge mpaka macho, nikasimama kwa uzio, nikakupa mugongo kama inavyofaa. Lakini mugongo wangu iko na macho. Wengine wanachagua hema kwa rangi. Wewe ulinusa kitambaa kama mwanamuke anavyonusa unga ya muhogo. Ulivuta kila mushono na vidole viwili. Uliingia ndani, ukafunga mulango, ukatafuta jua kwa matundu. Kisha ukaomba maji, bido nzima ya plastiki, ukamwaga yote juu ya paa.

Mulinzi akakuuliza: "Citoyen, unanunua ao unaosha?"

"Citoyen, mvua ya huku haibembelezi mutu."

Nilicheka ndani ya kitenge. Haukuona.

Zilikuwa mbili. Moja kubwa, ya kijani, ya kutosha familia. Ingine ndogo, ya rangi ya udongo. Nikamwita Vumilia: "Mwambie mume wako achukue ile kubwa, inatosha. Mimi siendi." Uongo. Nilitaka kwenda, nilitaka sana. Tangu muzee wangu afe, maisha yangu ilikuwa jiko na misa, misa na jiko. Lakini chini ya paa moja na mukwe nisingelala, na kuomba nisingeomba.

Ulichukua zote mbili. Kwa ile ndogo ulitoa saa yako ya mukono. Vumilia akaniletea neno, na ile "yenu" ya heshima: "Anasema hiyo ndogo ni yenu, maman. Mukuje tu na kirago chenu."

Mimi, badala ya kufurahi, nikapanda juu. "Ile nyumba ya mbwa? Wao kwa gavana, mimi kwa kitundu cha kuku?" Nilisema kwa nguvu ili usikie bila mutu wa katikati. Ulisikia. Ukaendelea kukunja kamba.

Vyombo nilichagua mimi, usinikatalie. Vumilia alikuwa ameweka sahani za maua na materasi, kama muharusi. Nikatoa yote. Mbabula moja ya kupikia na makala yake, sufuria mbili, bido, chumvi, blanketi, jembe.

"Jembe, maman? Tunaenda kulima?"

"Nyumba ya kitambaa inataka mufereji kuliko ya mabati."

Nikaona unachukua lile jembe, unaliweka ndani ya kamyoneti ya kutupeleka mbele ya kitu kingine chote. Nikajisemea: huyu mwanaume iko na akili. Sikumwambia mutu.

Tulitoka Jumamosi, siku ya posho, kisha ya salongo, ile kazi ya wote ya kusafisha barabara. Kule karibu ya Kalehe, mwenye mikaratusi alitupa nafasi kwa ziwa. Ulianza na hema yangu: pa kilima, mulango kwa ziwa, mugongo kwa yenu. Ukachimba mufereji kuizunguka yote. Yenu ulisimamisha nyuma, chini, na mufereji haukumaliza, mvua ikakukuta na jembe mukononi. Bugali ilikuwa bado kwa moto.

Paa ya ile kubwa ilianza kulia kila mahali. Watoto walikimbia kwangu, Vumilia nyuma yao na sufuria. Ndani yangu hakukuanguka hata tone moja. Hapo nikaelewa. Kule Miti uliona ile kubwa mishono yake imechoka. Kitambaa kizima kilikuwa cha ile ndogo, na ukanipa mimi, nami nikakutukana.

Ulisimama chini ya muti, maji inakutoka kwa kofia. Nikatoa kichwa: "Papa Neema! Ingia!"

Uliangalia chini. "Hapana, maman. Niko muzuri."

"Muzuri wapi? Unafanana na kuku ya mvua!"

"Ni paa yenu, maman."

"Basi natoka mimi. Ingia kwa watoto wako!"

Nikatoka kweli. Na wewe, kichwa nguvu, haukuingia! "Mama mukwe alowe, mimi nikauke? Nitajibu watu nini?" Tukabaki wote wawili inje, kila mutu na muti wake, tumepeana mugongo, tunalowa kwa heshima. Ndani wanakula bugali yetu na kucheka mpaka hema inatetemeka. Neema akatuita, mimi bibi yake na wewe: "Tate! Papa! Nafasi iko!"

Mvua ilipokatika ulienda kulala ndani ya kamyoneti. Asubuhi Vumilia akaniuliza: "Maman, nimwambie nini Papa Neema?"

Nikajibu: "Mwambie jembe ilifanya kazi."

Ulitoa saa yako, ulinipa kitambaa kizima, ulilowa kama mbuzi ya njiani, na mimi nikasifu jembe yangu. Desturi yetu inakataza paa moja. Haijakataza asante hata siku moja. Kile kilikuwa kiburi changu, na nilikificha nyuma ya desturi mpaka ulipougua, mpaka tukakuzika.

Kwenye matanga wamama walikuwa wanasifu wakwe zao: wangu alileta ng'ombe, wangu alinijengea. Walipofika kwangu nikasema: "Wangu alisimama kwa mvua." Wakadhani ni uchungu unanisemesha.

Asante, Papa Neema. Nililala mukavu mpaka asubuhi.

Mama mukwe wako,
mama ya Vumilia