Tosta Kutoka Lugari

Jumamosi, 10 Juni 1978

Baba Phanuel amerudi kutoka Lumakanda, Lugari. Alienda kutafuta mahindi. Amekuja na gunia tano — na tosta! Kule Lugari kuna nyumba ya mzungu wa zamani inabomolewa, vitu vya jikoni vinauzwa uani. Ati pesa ya miwa imeingia, wacha na sisi tuonekane watu. Nikamwambia, Baba Phanuel, stima ya kuiwasha iko wapi hapa Shianda? Akacheka sana. Itakuja, Mama Phanuel, itatukuta tumeshakaa mezani.

Lakini ni nzuri, siwezi kudanganya. Inang'aa kama kijiko cha harusi. Miguu minne myeusi, milango miwili, mmoja huku mmoja kule. Unafungua mlango unalala chini, unaweka mkate, unafunga — tak. Nimeisugua na jivu na ndimu. Nimeiweka juu ya kabati na kuitandikia kile kitambaa nilichoshona nikiwa na mimba. Jikoni kwangu moshi umepaka ukuta mpaka juu, lakini ukitazama pale kabatini tu, unaweza kufikiri ni kwa watu wakubwa.

Mtoto mchanga, mdogo wake Phanuel, amenyonya kidogo jioni, akaacha. Labda ni joto.

Jumapili, 11 Juni

Sikuenda kanisani. Mtoto anaachilia ziwa.

Si kwamba hawezi. Anashika vizuri, anavuta mara tatu, mara nne, halafu anaachilia ghafla na kugeuza kichwa. Kama mtu ameitwa. Kisha analia akinitazama. Mtoto wa mwezi mmoja, na anatazama kama anayeomba msamaha! Namkamulia kwa kikombe, nampa na kijiko.

Na asubuhi nilisikia harufu ya mkate unaochomwa. Sisi mkate hatujanunua tangu Pasaka.

Jumatatu, 12 Juni

Dispensari. Nurse ameangalia koo, masikio, tumbo. Homa hakuna. Uzito umeshuka. Akasema niendelee na kijiko, lakini siku akikataa kijiko pia nimlete mbio, nisingoje kesho. Nilimwuliza kama harufu inaweza kumkataza mtoto kunyonya. Akaniuliza kama nalala vizuri.

Nimefika nyumbani nikagusa tosta. Ni moto. Si moto wa jua, dirisha la pale ni la upande wa kivuli. Ni ule moto wa kitu kilichotoka kufanya kazi sasa hivi. Waya wake umekunjwa nyuma vile nilivyoukunja. Haujashikana na kitu.

Sijamwambia Baba Phanuel. Atasema ni uchovu.

Jumanne, 13 Juni

Leo Mama Jael, mama mkwe wangu, alikuja kumwitia mtoto majina. Kwetu mtoto akikataa ziwa namna hii, kuna mmoja wa waliokufa anataka jina lake libebwe. Dorothy, jina la mtoto wetu, ni la kanisa tu. La nyumbani tulimpa Khasoa, pengine hakulitaka.

Mimi nikamweka ziwani, Mama akaita, jina atakalonyonya bila kuachilia ndilo lake. Nabwire. Anavuta, anaachilia. Makokha. Anaachilia. Namukhula — hapo akavuta mpaka nikaanza kutoa machozi, kisha akaachilia. Mama akamchekea, wewe msichana unachagua kama mwenye duka! Majina saba. Hakuna.

Ndipo Mama akainua macho akaiona tosta. Akauliza imetoka wapi. Nikasema Lugari, kwa jikoni ya mzungu. Akaweka kikombe chini. Akaacha chai katikati — Mama Jael, ambaye hata ugonjwa haumwachishangi chai! Akasema majina yamekwisha. Mlangoni akageuka. Kitu hicho kirudi kilikotoka.

Baba Phanuel ameniambia jioni, akitazama chini. Baba yake, Mzee Shikanga, alikuwa na dada. Dada huyo alienda Lugari kupikia wazungu bila ruhusa ya mtu, akafia huko. Hawakwenda kumchukua. Hakuliliwa. Mzee akakataza jina lake lisitajwe tena katika boma hili. Nikamwuliza, jina lake nani? Akasema mimi nilikuwa sijazaliwa. Anayelijua ni Mama peke yake.

Kwa hiyo majina hayakuwa yamekwisha.

Jumatano, 14 Juni

Tumeenda Lumakanda na kurudi. Mtoto nilimwacha na Mama, na kikombe cha maziwa yangu. Tosta tulikuwa tumeibeba. Wale wabomoaji wamekataa kuipokea. Kilichouzwa kimeuzwa.

Ile nyumba paa limetolewa nusu, lakini jikoni bado imesimama. Mungu anisamehe, nilisahau kilichonipeleka. Jiko la chuma la kuni, lina vijimlango sita. Kabati la nyama la wavu. Ndoano za vikombe zimepangwa kama meno. Sakafu ya simenti nyekundu, na sinki ya jiwe imelika upande mmoja, pale mwoshaji anapoegemeza mkono. Nikaegemeza wangu. Ukaingia sawasawa. Nikautoa haraka. Juu ya mlango kuna kengele.

Karibu na geti anakaa bibi mmoja Mnandi, Jepkemboi. Zamani alifulia hapo. Nikamweleza. Akapiga makofi. Ah, yule wenu kutoka Shianda? Meri wa mkate! Kila asubuhi mkate wa memsabu, bibi wa mzungu, ulikuwa wake kuchoma, na usiungue. Nikamwuliza jina lake la kwao. Nani aliuliza? Jikoni sisi wote tulikuwa Meri. Mimi hapa nilikuwa Meri wa nguo! Akacheka, hana meno.

Halafu hakucheka. Akasema Meri wa mkate alikuwa na mtoto mchanga, anamficha stoo. Anamnyonyesha huko. Kengele ikilia anamwachisha ziwa, anakimbia. Inalia tena, anamwachisha tena. Mtoto akakonda, akafa. Mama yake akafuata mvua hazijaisha. Wamezikwa nyuma ya miti, hakuna alama.

Tukaanza njia ya kurudi. Tosta ilikuwa kwenye mapaja yangu, ina joto kama mtu.

Alhamisi, 15 Juni

Saa tisa mchana. Mvua ya mawe, barabara ni mto. Baba Phanuel yuko kwa miwa na wakataji, hawezi kutoka. Mtoto amekataa kijiko. Amekataa kijiko tangu saa sita! Mvua ikikatika tu nakimbia dispensari.

Nimemwambia Mama yote. Meri wa mkate, stoo, kengele. Akasema usimwite kwa jina hilo, Meri. Nikasema basi nipe lingine. Akageukia ukuta. Mimi nina mtoto anayekauka mikononi, nitangoja nini? Nikamweka ziwani, nikaita. Meri.

Jikoni, nyuma ya pazia, mwanamke akajibu. Memsabu!

Mbio mbio, vile anavyojibu mtu aliyechelewa. Kisha hatua tatu nne, ko, ko, ko. Jikoni kwangu ni udongo. Ile miguu ilikuwa inakanyaga simenti.

Mtoto akaachilia ziwa.

Ni mimi nimekosa. Nimemwita vile walivyomwita wao. Amekuja kazini, hajaja nyumbani.

Mama amesikia pia. Akashika shingo yake, akasema polepole, bado ana sauti ya usichana. Hapo nikapiga magoti mbele yake, kitu sijafanya tangu siku ya kuolewa. Mama, Mzee Shikanga amelala kaburini miaka sita sasa. Mtoto ndiye huyu, mtazame mdomo. Akasema Mzee aliniapisha mkono juu ya Biblia. Nikasema Mama, na yule kule nyuma ya pazia aliapishwa nini?

Amemchukua mtoto magotini. Midomo inacheza, haitoi kitu. Mimi naandika kwa sababu nikikaa bure nitapiga kelele. Mawe yamepungua kwa mabati. Pazia limesogea kidogo, pengine upepo. Mtoto hataki kulia tena, hana nguvu, lakini macho yako wazi. Anaangalia mdomo wa Mama. Na mimi naangalia hapo. Na nyuma ya pazia hakuna mguu unaosogea, naye anangoja.

Mama amevuta pumzi ya kuita jina —