Tanzia Iliyotoka Mapema

Mdogo wangu mpenzi,

Pokea salamu zangu. Natumaini wewe, shemeji na watoto hamjambo. Mimi mzima, ila usingizi umenihama. Nakuandikia barua kama watu wa zamani kwa sababu simu yangu hupokei.

Ikiwa umesoma kwamba mama amefariki, si kweli. Tanzia ile niliiandika mimi. Gazetini kwetu, mtu mashuhuri akilazwa tu, sisi wa dawati la filamu na vitabu tunamwandalia tanzia yake mapema, ibaki kujazwa tarehe tu. Mhariri alinipa ya mama, akasema hakuna amjuaye kunizidi. Basi nikaandika huku roho inaniuma. Kisha fundi mitambo akabonyeza pasipobonyezwa, na mama, Malkia wa Machozi wa filamu zetu, akafa nchi nzima kabla ya chai ya saa nne.

Nilikimbilia hospitali kumwomba radhi. Nilimkuta amekaa kitandani, miwani puani, anasoma rambirambi zake kwenye simu. Waigizaji waliomkimbia alipokosa kazi wanamwita mama wa sanaa. Mhakiki aliyewahi kuandika kwamba analia kama bomba bovu, sasa anasema kilio chake kilikuwa shule. Mama alicheka mpaka muuguzi akaja. Akasema kumbe ili usifiwe shurti ufe, na akampigia mhariri amsihi asikanushe hadi amalize kusoma.

Mimi nami nilicheka. Kisha nikaona hasomi tena, anatafuta. Anapandisha, anashusha. Nilipomuuliza anamtafuta nani, akasema hakuna. Alikuwa anakutafuta wewe, mdogo wangu.

Sijasahau ulivyomwambia yule mtangazaji kwamba machozi ya mama kwenye maziko ya baba yalikuwa ya kamera. Huenda ni kweli, sijui. Lakini pale hospitalini, alipokukosa kwenye rambirambi, aligeukia ukutani akalia bila sauti, akafuta pua kwa shuka. Katika filamu zake zote sijamwona akilia vibaya vile.

Sasa lililonifanya nikuandikie. Daktari amesema hana la kufanya zaidi. Kanusho limetoka, ila mhariri ameniambia tanzia niiweke karibu. Mwishoni niliandika kwamba ameacha mabinti wawili. Mama ameniomba nibadilishe, niandike mmoja. Anasema ukitajwa waandishi watakuvamia tena, na yeye hatakuwepo kukukinga.

Sijabadilisha. Njoo umwambie mwenyewe iandikwe vipi. Kitanda chake kiko dirishani, ukiingia tu utamwona.

Nibusie watoto.

Dada yako