Kuku Waliopigiliwa Misumari Ndani ya Viota

MAELEZO YA SHAHIDI
Jina: Anajulikana kwa wengi kama Mama Pindo
Umri: Miaka 36
Kazi: Fundi cherehani
Makazi: Nyumba yenye geti la bluu, nyuma ya ghala la saruji

Nimekuja kituoni kwa miguu yangu, sikuitwa na mtu. Ninayemlalamikia ni mume wangu, msimamizi wa ghala hilo la saruji. Aliyeumizwa ni baba yake mzazi, tunayeishi naye.

Baba mkwe alikuwa seremala. Tangu apatwe na kiharusi mkono wake wa kushoto hauna nguvu, lakini kukaa bure hawezi. Kuku wangu walikuwa wanataga ovyo, mara kwenye kuni, mara chini ya cherehani, na wengine wameanza kudonoa mayai. Mume wangu aliposafiri kikazi, baba akaniambia, "Mwanangu, kuku akitaga ni kama bibi harusi, hapendi kuchunguliwa. Ngoja nimjengee chumba."

Mbao alizitoa kwenye kitanda cha marehemu mama mkwe, kilichokuwa stoo kikiliwa na mchwa. Alitengeneza viota vilivyoungana kwa safu, kila kimoja na kizingiti mbele ili yai lisibingirike, na paa la mteremko ili kuku wasilale juu wakachafua. Ndani akatandika maranda. Ubao aliubana kwa magoti, akapigilia kwa mkono mmoja. Siku kuku wa kwanza alipoingia kutaga, baba aliniita kwa furaha ya mtoto. "Njoo uone! Amekubali!"

Mnamo tarehe 14 mwezi huu, siku ya Jumapili, saa tatu asubuhi hivi, mume wangu alirudi safari. Alisimama mbele ya viota muda mrefu. Akauliza, "Kitanda cha mama umewapa kuku wakinyee?"

Baba akajibu, "Mchwa walikuwa wanakimaliza, mwanangu. Nimeokoa kilichobaki."

Mume wangu alicheka. Akaenda kufunga geti kwa kufuli, akachukua nyundo na vipande vya mbao vilivyosalia, akaziba milango ya viota kwa misumari, kuku wakiwa ndani. Kisha akaviburuta hadi katikati ya ua, juani. Nyundo na koleo akazifungia ndani ya gari. Akaleta kiti, jagi la maji na glasi, akakaa kivulini.

"Haya fundi," alisema, "fungua."

Baba alitabasamu. Nadhani alidhani ni utani. Kuku walipoanza kupigapiga mbawa ndani, akapiga magoti akavuta mbao kwa vidole. Nilipomsogelea, mume wangu aliniambia bila kupandisha sauti, "Rudi kwenye cherehani. Ukigusa ubao, wewe ndiye utakayefuata."

Nilipanda juu ya pipa kando ya ukuta nikamwita jirani yetu, fundi bomba. Alinisikiliza, akasema, "Mama Pindo, kweli nivunje geti la mtu kwa ajili ya kuku?" Akarudi ndani kwake.

Kuku walinyamaza mmoja mmoja. Baba aliendelea. Kucha zilikuwa zimeng'oka, mbao zina damu. Akajaribu msumari mmoja kwa meno. Alipofanikiwa kupenyeza vidole vya mkono wake wa kulia, ule wenye nguvu, chini ya ubao, mume wangu aliinuka na glasi mkononi, akaukanyaga ubao kwa kiatu cha kazi. Nilisikia mifupa.

Baba hakupiga kelele. Alisema tu, "Mwanangu, mkono." Mume wangu alimalizia kwanza maji yaliyokuwa kwenye glasi, ndipo akaondoa mguu.

Ni yeye huyo huyo aliyempeleka hospitali. Aliwaambia wauguzi kwamba mzee ameangukiwa na viota alivyokuwa akitengeneza. Alimlisha supu kwa kijiko, akamfuta midomo. Muuguzi mmoja akaniambia, "Una bahati, wanaume kama hawa wamekwisha." Muuguzi alipogeuka, mume wangu alimwinamia baba akasema, "Pona upesi. Na wewe nitakujengea kiota." Nilikuwa miguuni pa kitanda. Nimetoka hapo nimekuja huku moja kwa moja.

Niliyoyasema nimeyaona na kuyasikia mwenyewe, na nitayarudia popote nitakapoitwa.

Sahihi ya shahidi: (ametia sahihi)

Maelezo ya afisa wa zamu: Nimemsomea shahidi, amekiri ni sahihi. Ameomba asirudi nyumbani leo, ameketi kaunta. Nimefika wodini jioni. Mzee amesema aliangukiwa. Mwanawe alikuwa kando yake, ameshika bakuli. Nilipouliza mara ya pili, mzee alirudia maneno yale yale, huku vidole vyake vilivyofungwa bandeji vikitafuta mkono wa sare yangu chini ya shuka. Nimemtoa mtuhumiwa wodini na kumweka mahabusu. Mpaka naandika, mzee hajabadilisha kauli.